Ruta ya Kariakoo

Mjukuu wangu aliponiomba nimsindikize Kariakoo kutafuta ruta kuukuu, nilidhani anataka intaneti ya bei nafuu hapa Kimara. Kumbe alitaka ya kufungua na kuibadilisha programu, ipokee vipimo vya joto la banda la vifaranga.

Jambo hili lina historia yake. Mwishoni mwa 2002 kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa ruta iitwayo WRT54G. Mafundi wakagundua kuwa ndani inaendeshwa na Linux, ambayo leseni yake humlazimu anayeisambaza kutoa pia msimbo wake. Mwaka 2003 kampuni ikautoa. Mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, na ruta ya nyumbani ikawa chombo cha kujifunzia. Lakini toleo la 5, la mwaka 2005, lilipunguziwa kumbukumbu kwa nusu na kuondolewa Linux. Wapenda ufundi wakatengenezewa WRT54GL.

"Babu, geuza usome chini kwanza," aliniambia kila nilipouliza bei. Tuligeuza nyingi. GL tuliipata kwa shilingi 15,000, haina waya wa umeme. Kwa OpenWrt ya leo kumbukumbu yake ni ndogo, ila ya zamani inaingia.

Miaka ya 1980, nikiwa mwalimu mkuu, nilimchapa mwanafunzi kwa kufungua redio ya shule. Alikuwa ameifunga tena, nayo ikasikika vizuri kuliko awali. Hilo sikumwambia.

Jioni ile nilishika tochi, mjukuu akalegeza skrubu.