Nyumba ya Wageni ya Misheni

Katika ratiba ya safari yetu kwa usharika rafiki huko California, siku ya nne iliandikwa hivi: jioni, kutembelea Mission Inn mjini Riverside, kuona taa za Krismasi. Tulikuwa watu watano, wachungaji wawili na wazee wa kanisa watatu, na wote tulielewa jambo moja. Kwetu neno misheni linajulikana. Ni kanisa la mawe, shule, zahanati, nyumba ya mmisionari yenye veranda, na pembeni hosteli ambapo mgeni hupata kitanda safi, chai ya maziwa na sala ya asubuhi. Mama mmoja wa kundi letu alifunga doti moja ya kanga ya kuwapa akina mama wa jikoni.

Tuliposhuka garini tukabaki tumesimama. Jengo lile linajaza eneo zima kati ya barabara nne: matao, minara, kuba, ngazi za kuzunguka, na kila ukingo umefuatwa na mstari wa taa. Wenyeji husema zinafika mamilioni. Huwashwa mwezi Novemba, na hubaki zikiwaka hadi mwaka mpya uingie. Barabara ilijaa watu, watoto wamebebwa mabegani, farasi wakivuta magari ya abiria polepole katikati ya umati. Tulifurahi, tena sana. Mzee wetu kutoka Meru, ambaye si mtu wa kusifu vitu ovyo, alisema kwamba kama umeme huu ungekuwa kijijini kwao kungekuwa na mashine za kusaga nyumba hadi nyumba.

Jambo moja tu lilitupa shida. Ilikuwa bado Majilio, kipindi cha kungoja, na huku kila kitu kimekwisha kuwashwa. Sisi Walutheri tumezoea mshumaa mmoja mmoja kila Jumapili. Desturi hiyo tulirithi kutoka kwa Johann Hinrich Wichern, mwanatheolojia aliyelea watoto maskini mjini Hamburg. Watoto walipozidi kumuuliza kila siku kama Krismasi imefika, mwaka 1839 alichukua gurudumu, akalipanga mishumaa, ili wahesabu wenyewe. Taa za umeme zilifuata baadaye: Edward Johnson, mwenzake Thomas Edison kazini, alipamba mti wake mjini New York mwaka 1882 kwa balbu 80. Kati ya gurudumu la Wichern na ukuta ule wa Riverside kuna safari ndefu.

Mwongozaji wa watalii alikuwa kijana mwenye adabu. Tulimuuliza ni wamisionari gani walioijenga nyumba hii. Akatabasamu, maana bila shaka hatukuwa wa kwanza kuuliza. Akasema hakuna. Riverside haikuwahi kuwa na misheni.

Historia yake ni hii. Mji wa Riverside ulianzishwa mwaka 1870. Mhandisi mmoja aliyeitwa Christopher Columbus Miller, aliyehamia huko na familia yake kutoka Wisconsin, alijenga nyumba ya matofali ya udongo, na mwaka 1876 akaanza kupokea wageni wa kulipa. Mwaka 1880 aliiuza kwa mwanawe Frank. Wakati huo machungwa yasiyo na mbegu, yaliyotoka Brazili, yalikuwa yakiuletea mji ule utajiri, na matajiri wa mashariki ya Marekani walikuja kukimbia baridi. Frank Miller aliona kwamba wageni hawa hawatafuti kitanda tu, wanatafuta hadithi. Akamwita msanifu Arthur Benton, na mwaka 1903 likafunguliwa jengo jipya lenye sura ya misheni za Kihispania za zamani. Rais Theodore Roosevelt alilala hapo Mei mwaka huo huo. Miller hakuacha kujenga, bawa baada ya bawa, hadi karibu na kifo chake mwaka 1935.

Tuliingia katika kanisa dogo la hoteli, lililopewa jina la Fransisko wa Asizi. Ndani kuna altare kubwa iliyochongwa kwa mwerezi na kupakwa dhahabu tangu juu hadi chini, ambayo Miller aliinunua kutoka Meksiko. Iliundwa kwa ajili ya familia ya Rayas ya Guanajuato. Madirisha ya vioo vya rangi ni kazi ya Louis Comfort Tiffany, nayo yalitoka katika kanisa la Kipresbiteri la New York lililobomolewa mwaka 1919. Tukakaa kimya kidogo, kama tulivyozoea kufanya mbele ya altare. Kisha mama yule mwenye kanga akauliza ibada ni saa ngapi. Hakuna ibada. Kanisa lile halina usharika, hukodishwa kwa harusi. Halafu tukaonyeshwa kengele. Miller alikusanya kengele mamia kutoka pande zote za dunia, na moja imeandikwa mwaka 1247. Sisi tunaotoka sharika ambazo kengele yake ililetwa kwa meli kutoka Ujerumani na kupandishwa mlimani kwa mabega ya watu, tulizitazama kwa heshima. Lakini kengele ya kanisa inamwita mtu. Hizi zilikuwa zimetundikwa tu.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza juu ya misheni za kweli. Zilikuwa 21. Wafransisko, wakiongozwa na Junípero Serra, walianzisha ya kwanza San Diego mwaka 1769, na ya mwisho ikaanzishwa Sonoma mwaka 1823. Mwenyeji akishabatizwa hakuweza tena kuondoka apendavyo. Aliyetoroka alifuatwa na askari, akarudishwa na kuchapwa viboko. Magonjwa yaliyokuja na wageni yalienea katika mabweni yaliyosongamana, na misheni nyingi zikazika watu wengi kuliko waliozaliwa humo. Watu hawakukaa kimya. Mwaka 1775 watu wa Kumeyaay waliichoma misheni ya San Diego, na mwaka 1785 mwanamke aitwaye Toypurina alikuwa miongoni mwa waliopanga uasi huko San Gabriel. Serikali ya Meksiko ilizivunja misheni hizo katika miaka ya 1830, na majengo yakaanza kubomoka. Halafu mwaka 1884 Helen Hunt Jackson alichapisha riwaya yake Ramona, akitaka Wamarekani waone dhuluma waliyotendewa wenyeji wa asili. Wasomaji waliipenda mno. Walichokumbuka ni matao, bustani na kengele za jioni. Dhuluma ikabaki kitabuni.

Miller alijenga juu ya kumbukumbu hiyo tamu. Hatusemi alikuwa mtu mbaya, na msomaji asituelewe hivyo. Mwaka 1914, wakati ambapo hoteli nyingi za Marekani hazikumpokea mtu mweusi, alimkaribisha Booker T. Washington. Alichukia vita, akafungua milango yake kwa mikutano ya amani kati ya mataifa. Mwaka 1909 juu ya mlima Rubidoux, chini ya msalaba uliosimamishwa kwa heshima ya Serra, ilifanyika ibada ya alfajiri ya Pasaka ambayo imeigwa kila mahali nchini mwao.

Lakini mtu huyo huyo alileta pia shule. Serikali ya Marekani ilikuwa na shule ya bweni ya watoto wa wenyeji wa asili katika mji wa Perris, kusini mwa Riverside. Miller alitumia urafiki wake na wanasiasa ili ihamishiwe kwao. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1901, na mwaka 1902 Sherman Institute ikafunguliwa, ikiitwa kwa jina la mbunge mmoja aliyekuwa na sauti katika mambo ya wenyeji hao. Nayo ilijengwa kwa matao, kama hoteli. Watoto waliletwa kutoka makabila mengi, wengine kutoka mbali sana. Walikatazwa lugha zao. Nusu ya siku walisoma, nusu wakafanya kazi, na katika miezi fulani wavulana walipelekwa mashambani na wasichana majumbani mwa wazungu kufua na kupika. Watalii wa hoteli waliweza kupanda tramu na kwenda kuwatazama, na Miller mwenyewe alikuwa na mkono katika kampuni ya tramu. Kifua kikuu na magonjwa mengine viliwachukua baadhi yao kabla hawajaona tena nyumbani. Shule yenyewe ipo hadi leo, ni shule ya sekondari ya vijana wa makabila hayo, nao sasa hufundishwa humo lugha na mila za wazee wao.

Mambo haya hatukuyasikia chini ya taa. Mwenyeji wetu, mshiriki wa usharika rafiki na mwalimu mstaafu wa historia, alitusimulia garini tukirudi, na hakuficha kitu. Kwa muda hakuna aliyesema neno. Baadhi yetu tulikumbuka kibao tulichovalishwa shingoni shule ya msingi kwa kosa la kusema kikwetu. Kisha mzee wetu wa Meru akaanza kuzungumza, kwa Kiswahili, akituelekea sisi.

Alitukumbusha Akeri. Sisi tuliosomea theolojia Makumira tunapajua, si mbali kwa miguu, na tulipokuwa wanafunzi tulikwenda kuona makaburi ya Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamisionari wa Leipzig waliouawa mwaka 1896, miaka mitatu tu baada ya wenzao kufika Kilimanjaro. Tumehubiri juu ya damu yao. Mzee akauliza: Wachaga waliokuja nao kama wasaidizi, wakauawa usiku ule ule, nani kati yenu anaweza kunitajia jina la mmoja? Kimya. Na baada ya hapo, alipokuja Kapteni Johannes kutoka Moshi na askari wake, pamoja na mashujaa wa Kichaga, wakachoma nyumba, wakafyeka migomba, wakachukua ng'ombe na wanawake, mmeyahubiri lini hayo?

Ndani ya gari kulikuwa na Mchaga na Mmeru, wamekaa kiti kimoja. Mchungaji mwenzetu, ambaye babu zake wanatoka Machame, alimshika mzee mkono, akasema tu, “Pole, baba.” Mzee akajibu kwamba hadai pole. Bibi yake, alisema, alibatizwa na kanisa lile lile, akalipenda hadi kufa, na hadithi ya migomba alimsimulia jikoni akiwa na kitabu cha nyimbo mapajani. Alichokuwa akisema ni kwamba sisi nasi tunazo taa zetu. Kila jubilei tunapamba, tunaita matarumbeta, tunaandika kitabu chenye picha za wamisionari wenye ndevu, na mwinjilisti mweusi aliyetembea vijiji kumi mbele yao huandikwa chini ya picha: “na wenyeji.”

Usiku ule tulisoma Luka sura ya pili pamoja, ingawa siku yake ilikuwa haijafika. Mariamu na Yusufu walikosa chumba katika nyumba ya wageni. Tulikuwa tumetoka katika nyumba ya wageni iliyojaa kuliko zote tulizowahi kuona, na jina lake lina neno misheni.

Asubuhi ratiba ilisema maduka. Tuliomba ibadilishwe. Kwetu alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini, kila familia kwenye kaburi lake, na mzee alisema hawezi kuondoka Riverside bila kusalimia. Mwenyeji wetu alielewa upesi. Kwanza alitupitisha mbele ya shule, tukaona jengo moja la zamani lililobaki, ambalo sasa ni makumbusho. Kisha akatupeleka kwenye makaburi ya wanafunzi, mahali ambapo wamezikwa zaidi ya watoto 60. Hapakuwa na mtalii. Hapakuwa na taa hata moja, na jua la Desemba la huko halina joto.

Tulisimama kandoni. Mzee akavua kofia. Tuliimba ubeti mmoja wa wimbo tunaouimba tunapomzika mtoto, kwa sauti ya chini, kwa sababu hatukuwa kwetu. Mchungaji mwenzetu akaomba kwa Kimachame, mzee akaitikia kwa Kimeru, na mwalimu yule mstaafu, ambaye hakuelewa lugha hata moja, alilia. Kisha mama akafungua mkoba, akazitoa zile kanga, akamuuliza mwenyeji wetu kama shuleni pale kuna akina mama wanaowapikia watoto.

Wapo, akasema. Tukageuza gari.