Mtaa wa Eutaw: Namna Besiboli Ilivyorudi Katikati ya Mji wa Baltimore

Msimu wa besiboli ukiwa umepamba moto, katikati ya mji wa Baltimore, jimbo la Maryland nchini Marekani, hubadilika rangi kila jioni ya mechi. Saa kumi na moja haijafika vizuri, tayari watu waliovaa jezi za rangi ya chungwa wanashuka kwenye treni ya umeme katika kituo cha Camden. Wengine wanakuja kwa miguu kutoka bandarini wakifuata mtaa wa Pratt, na wengine wamejazana kwenye baa za Washington Boulevard zinazotazamana na uwanja. Pembezoni mwa njia wachuuzi wamepanga karanga na maji ya chupa, wakiwakumbusha wapita njia kwamba huko ndani bei ni nyingine. Hawasemi uongo, na kwa kuwa klabu ya Orioles huruhusu shabiki kuingia na chakula chake, wanauza.

Mtu angedhani mambo yamekuwa hivyo tangu zamani. Miaka arobaini iliyopita eneo lote hilo lilikuwa reli chakavu, viwanda vidogo na ghala tupu, na besiboli ilichezwa kwingine kabisa.

Klabu ya Orioles ya leo iliingia Baltimore mwaka 1954 ikitokea St. Louis, ikapewa Memorial Stadium, kaskazini mwa mji kwenye mtaa wa 33, katikati ya makazi ya watu. Ilifanya makubwa huko. Ilitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1966, ikarudia 1970, kisha 1983. Lakini uwanja ulikuwa mbali na barabara kuu na mbali na biashara za mji. Shabiki alifika kwa gari, akahangaika kupata pa kuegesha mbele ya nyumba za wenyewe, akatazama mechi, akaondoka. Maduka ya katikati ya mji hayakujua kama kulikuwa na mechi.

Miji mingine haikuwa na nafuu. Miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa zama za viwanja vya zege vya duara, vilivyojengwa vitumike kwa besiboli na kwa kandanda ya Kimarekani pia. Pittsburgh, Cincinnati na Philadelphia walijenga hivyo, na viwanja vyao vilifanana mno. Kujaribu kuipa michezo miwili nyumba moja kuliharibu yote miwili, na pembeni kukabaki bahari ya lami ya kuegeshea magari.

Baltimore ilisukumwa na msiba wa mchezo mwingine. Usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 Machi 1984, malori ya kampuni ya Mayflower yalipakia kila kitu cha Colts, timu ya kandanda ya Kimarekani ya mji huo, yakaondoka gizani kuelekea Indianapolis. Mwenye timu, Robert Irsay, alikuwa akigombana na wakubwa wa mji juu ya uwanja uleule wa mtaa wa 33, na bunge la jimbo lilikuwa mbioni kupitisha sheria ya kumnyang'anya timu. Asubuhi watu waliamka hawana timu. Wazee wa Baltimore wanaisimulia habari ile hadi leo kama watu waliofiwa.

Hofu ikahamia kwa Orioles. Mmiliki wao, Edward Bennett Williams, alikuwa wakili mashuhuri wa Washington, mji ulio jirani na ambao wakati huo haukuwa na timu ya besiboli. Nani angemzuia kuihamisha? William Donald Schaefer, meya wa Baltimore tangu 1971 na gavana wa Maryland kuanzia 1987, hakutaka kungoja jibu. Mwaka 1986 jimbo liliunda mamlaka yake ya viwanja, na mwaka uliofuata bunge likaidhinisha ujenzi. Sehemu ya fedha ilitoka kwenye michezo maalumu ya bahati nasibu. Wapinzani walikusanya saini ili suala liamuliwe kwa kura ya wananchi, lakini mahakama ya juu ya jimbo ikazuia kura hiyo. Jambo hilo husahaulika kila uwanja huu unaposifiwa.

Mahali palipochaguliwa palikuwa na historia yake. Camden ilikuwa karakana na kituo cha reli ya Baltimore & Ohio. Tarehe 19 Aprili 1861, askari wa Massachusetts waliokuwa wakielekea kituo cha Camden kupitia mtaa wa Pratt walishambuliwa na umati uliowaunga mkono watu wa Kusini, na damu ya kwanza ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ikamwagika pale. Nyumba aliyozaliwa Babe Ruth mwaka 1895, mchezaji anayetajwa kuliko wote katika besiboli, iko hatua chache tu kutoka langoni. Baba yake aliwahi kuendesha baa palepale ambapo leo ni nyasi za uwanja.

Na lilikuwepo ghala. Hili lilijengwa na kampuni ya reli mwanzoni mwa karne ya 20, la matofali mekundu, orofa nane, urefu wake zaidi ya mita 300 na upana kama mita 15 tu. Walikuwepo waliotaka libomolewe ili mashabiki wauone mji vizuri. Kampuni ya wasanifu ya HOK ilileta kwanza michoro iliyofuata mtindo wa viwanja vya siku zile, na klabu ikairudisha. Larry Lucchino, rais wa Orioles, alitaka uwanja wa besiboli peke yake, wa kizamani, wenye chuma na matofali. Akamwajiri Janet Marie Smith, msanifu aliyesomea pia mipango miji, kusimamia kazi. Ghala likabaki, likawa ukuta mkubwa nyuma ya upande wa kulia wa uwanja. Eneo la kuchezea likachimbwa chini ya usawa wa barabara kwa karibu mita tano, ili majukwaa yasiwafunike majirani.

Kati ya ghala na uwanja kulikuwa na kipande cha mtaa wa Eutaw. Wabunifu hawakukifuta. Walikifungia magari, wakakiacha kiwe njia ya watu wa miguu. Kwa maoni yangu, uamuzi huu ndio ulioufanya uwanja uwe wa mji. Moshi wa nyama inayochomwa kwenye kibanda chenye jina la Boog Powell, nyota wa miaka ya 1960, hupepea hapo. Chini, njiani, kuna vibao vidogo vya shaba vyenye umbo la mpira, kila kimoja mahali ulipotua mpira uliopigwa ukaruka uzio na majukwaa hadi mtaani. Wa kwanza ulipigwa na Mickey Tettleton wa Detroit tarehe 20 Aprili 1992, na leo vibao vimepita mia. Ghala lenyewe halijawahi kugongwa moja kwa moja na mpira wa mechi rasmi. Ken Griffey Jr. alilifikia mwaka 1993, lakini yale yalikuwa mashindano ya kupiga mbali tu, mkesha wa mechi ya nyota wote.

Uwanja ulifunguliwa tarehe 6 Aprili 1992. Orioles waliifunga Cleveland 2-0, Rick Sutcliffe akirusha mechi nzima bila kuruhusu alama, na msimu huo watu zaidi ya milioni 3.5 walipita milangoni. Miji mingine ikakimbilia kuiga: Cleveland 1994, Denver 1995, San Francisco 2000, Pittsburgh 2001, San Diego 2004. Pittsburgh iliubomoa uwanja wake wa duara, na Cincinnati na Philadelphia nazo zikafuata.

Kwa nini besiboli iweze kuleta watu katikati ya mji hivi, si kandanda ya Kimarekani? Hesabu ni rahisi. Timu ya besiboli hucheza mechi 81 nyumbani kwa msimu, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba. Ya kandanda hucheza nane au tisa. Mgahawa hauwezi kuishi kwa Jumapili nane.

Hata hivyo, hizo 81 hazikutosha kutimiza ahadi zote. Wachumi Roger Noll na Andrew Zimbalist waliandika mwaka 1997 kwamba uwanja wa Camden uliiongezea Baltimore ajira na kodi za takriban dola milioni 3 tu kwa mwaka, ilhali uwekezaji ulikuwa dola milioni 200. Kisa chake hakina fumbo: anayetumia dola hamsini mechini mara nyingi angezitumia kwingine jijini. Na huu ndio uwanja uliosifiwa kuliko wote, wenye mashabiki wengi waliotoka nje ya mji.

Tena upo mji mwingine ndani ya mji huohuo. Aprili 2015, kijana Mweusi aliyeitwa Freddie Gray alifariki baada ya kuumia akiwa mikononi mwa polisi, na ghasia zikalipuka. Tarehe 29 Aprili Orioles waliifunga Chicago White Sox 8-2 bila mtazamaji hata mmoja, mara ya kwanza kwa ligi kuu kucheza milango ikiwa imefungwa. Mchezaji akigonga mpira, mlio ulisikika uwanja mzima. Mitaa ya magharibi alikokulia Gray haiko mbali na Camden, lakini fedha za uwanja hazikuwahi kutembea hadi huko.

Kwa hiyo meya anayetaka kujenga uwanja, wa mchezo wowote, akiwaambia watu utajilipa wenyewe, aulizwe hesabu ya Baltimore kwanza. Akisema anataka watu watembee mjini jioni, hapo anao ushahidi. Na wewe msomaji ukibahatika kufika, jua kwamba siku ya mechi kipande kile cha mtaa wa Eutaw ni cha wenye tiketi. Siku isiyo na mechi lango kwa kawaida huwa wazi na hulipi chochote. Pitia kwenye sanamu ya Babe Ruth iliyosimamishwa langoni mwaka 1995, uitazame glavu: Ruth alirusha kwa mkono wa kushoto, nao wamempa glavu ya mtu wa mkono wa kulia.