Gazeti la Taifa kwa Lugha ya Nani?

Kitenzi "kutaifisha" kimetokana na "taifa". Kutaifisha kitu ni kukifanya kiwe mali ya taifa zima. Naomba tukipime kitenzi hiki kwa historia ya gazeti moja la kila siku la Dar es Salaam.

Gazeti hilo lilianza mwaka 1930 kwa jina la Tanganyika Standard, likiwa mali ya kampuni ya Nairobi iliyochapisha East African Standard. Lilitoka kwa Kiingereza, na sauti yake ilikuwa ya walowezi na wafanyabiashara. Mwaka 1967 kampuni hiyo ilinunuliwa na Lonrho ya Uingereza. Mwenye mali akabadilika, lugha ikabaki ileile.

Februari 1970 Mwalimu Nyerere alilitaifisha. Alimteua Frene Ginwala, mwanaharakati wa Afrika Kusini, kuwa mhariri, na katika waraka wake akaahidi kwamba gazeti lingekuwa huru kuwakosoa viongozi. Mwaka 1971, baada ya tahariri iliyolaani kuuawa kwa wakomunisti nchini Sudan chini ya Nimeiry, Ginwala aliondolewa. Aprili 1972 gazeti likaunganishwa na The Nationalist la TANU, likazaliwa Daily News.

Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya uhuru wa mhariri, nao wana haki. Mimi niliyesomesha Kiswahili sekondari hadi kustaafu naona na jambo la pili. Serikali ya kikoloni yenyewe ilitoa Mambo Leo kwa Kiswahili tangu 1923, na malenga wakapata humo uwanja wa kutunga na kujibizana. TANU nayo ilikuwa na Uhuru. Lakini gazeti lililotaifishwa liliendelea kusema Kiingereza, na kampuni yake haikutoa gazeti la Kiswahili la kila siku hadi HabariLeo, Desemba 2006. Ni zaidi ya miaka 36.

Mkulima wa Kilosa aliambiwa mwaka 1970 kwamba gazeti lile ni lake, ilhali hakuweza kulisoma, wala kulipelekea shairi la kulilaumu. Kwa hiyo, tunapouliza gazeti ni la nani, tusiishie kwenye daftari la hisa. Tuulize pia ni nani awezaye kulijibu.