Mwananchi anapoishitaki halmashauri

Mkazi wa Hodge Hill, mashariki mwa Birmingham, Uingereza, aliyedhulumiwa na halmashauri ya jiji hulalamika kwanza kwa halmashauri yenyewe. Asiporidhika, humwendea mchunguzi huru, bila malipo.

Ofisi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1974. Awali malalamiko yalipitia kwa diwani, naye ni mjumbe wa halmashauri ile ile. Sheria ya mwaka 1988 ikawaruhusu wananchi kuyapeleka wenyewe.

Mchunguzi hupendekeza halmashauri iombe radhi au ilipe fidia. Hawezi kuilazimisha, silaha yake ni kuitangaza hadharani.

Tanzania iliitangulia Uingereza: Tume yake ya Kudumu ya Uchunguzi ilianza mwaka 1966. Lakini matokeo ya uchunguzi yalipelekwa kwa Rais, na uamuzi ulikuwa wake.