Medali ya Nyambui na Fedha za Vyuo

Sisi wa Kidatu, tunaoishi kando ya miwa, twajua kwamba maji yakielekezwa yote shamba moja, jingine hukauka.

Mwaka 1980 huko Moscow, Suleiman Nyambui alipata medali ya fedha katika mita 5,000, na Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hadi Olimpiki ya 2024, Tanzania haikupata nyingine. Nyambui alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, Marekani. Wanariadha kama yeye walilipiwa masomo, mshahara ulikatazwa. Katika vyuo vingi vikubwa vya huko, mapato ya mpira wa Kimarekani ndiyo yaliyobeba riadha.

Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Ni haki; aliyetoka jasho na ale. Lakini wanaojaza viwanja ndio watakaopata fungu kubwa, na chuo kikibanwa, nahofia kitaanza kupunguza wakimbiaji. Basi na sisi tusingojee mfereji wa jirani. Tuchimbe wetu.