Shauri Lililolala: Ukimya Mahakamani, kutoka Roma hadi Ufaransa

Mahakama inapolifuta shauri kwa sababu limelala, wengi hudhani kwamba hukumu imetolewa: mdai ameshindwa, mdaiwa ameshinda. Sivyo. Hakimu hajapima ushahidi wala hajasema nani ana haki. Kilichokufa ni mwenendo wa shauri; haki yenyewe, kwa maneno ya sheria, ingali hai. Lakini historia ya Ufaransa, ambayo fikra zake za kisheria zilifika Kongo kupitia Ubelgiji, yaonyesha jinsi uhai huo ulivyo dhaifu.

Mizizi iko Roma. Gayo, mwanasheria wa karne ya 2, aeleza kwamba chini ya sheria ya Julia mashauri ya aina fulani yalikufa yasipoamuliwa katika miezi 18. Huko haki nayo ilizikwa pamoja nayo, kwani dai lililokwisha kukabidhiwa mwamuzi halikurudiwa. Mwaka 530 Kaizari Justiniano akaweka kikomo cha miaka 3 kwa mashauri ya madai. Miaka hiyo 3 yaonekana tena katika amri ya kifalme ya Roussillon, ya miaka ya 1560, ileile iliyothibitisha kwamba mwaka uanze tarehe 1 Januari.

Kanuni ya mwenendo wa madai ya 1806, kifungu cha 397, ikatamka kwamba shauri lisilofuatiliwa kwa miaka 3 huzimika. Halikuzimika lenyewe: ilibidi liombewe kuzimwa, na hatua yoyote halali iliyotangulia ombi hilo ililiokoa. Kifungu cha 401 kikaongeza kwamba haki ya kudai haifi. Mdai hulipa gharama, naye aweza kuanza upya.

Hadi hapo sheria yaonekana kuwa na huruma. Lakini Kanuni ya Raia ya 1804, kifungu cha 2247, ilikuwa na neno lake. Kufungua shauri hukatiza ukomo wa muda wa kudai. Shauri likizimika, ukatizaji huo ulihesabiwa kana kwamba haukuwapo kamwe. Basi aliyewahi mahakamani siku chache kabla ya ukomo, kisha akanyamaza miaka 3, alirudi akakuta mlango umefungwa, ingawa hakuna hakimu aliyewahi kumwambia kwamba hana haki. Katika rufani mambo yalikuwa makali zaidi: hukumu ya kwanza ilipata nguvu ya mwisho. Hata watoto wadogo hawakusamehewa. Waliachiwa tu nafasi ya kuwadai walezi wao.

Nyuma ya haya yote imo dhana kwamba anayenyamaza ameacha. Ni dhana ya kutiliwa shaka. Kanuni mpya, iliyoanza kutumika 1976, ilipunguza muda uwe miaka 2. Baadaye mahakama za rufani zikalemewa. Mawakili waliokwisha kuwasilisha hoja zao zote walingoja tarehe ya kusikilizwa, na wasipoiomba tarehe hiyo, ambayo mara nyingi mahakama haikuwa nayo, shauri lilizimika mikononi mwao. Tarehe 7 Machi 2024 Mahakama ya Kasasyo iliacha msimamo huo. Mhusika wa rufani aliyekamilisha yote yaliyompasa hahesabiwi tena muda, isipokuwa hakimu amempangia ratiba au amemwagiza jambo jingine la kutimiza.