Plasta, Viatu na Mlezi: Historia ya Utafiti wa Tiba ya Mguu Kifundo kutoka Iowa hadi Uganda

Mguu kifundo ni kilema cha kuzaliwa ambacho hugeuza unyayo wa mtoto kuelekea ndani na chini, kisigino kikiwa kimevutwa juu. Asipotibiwa, mtoto hukua akikanyaga kwa ubavu wa unyayo, na wakati mwingine kwa mgongo wake. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2010 nchini Uganda ilionyesha kuwa kilema hiki humpata mtoto 1.2 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Historia ya tiba yake kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa plasta dhidi ya kisu. Simulizi hiyo ina ukweli, ila inaishia njiani. Plasta iliposhinda, sehemu ndefu zaidi ya tiba ilitoka hospitalini ikahamia nyumbani, na utafiti wa kitabibu ulichelewa kuitambua kuwa ni kazi, na kwamba ina anayeifanya.

Plasta yenyewe haikuwa ngeni. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Hiram Kite wa Atlanta, Marekani, alitetea kwa bidii tiba isiyo ya upasuaji na akawaonya wenzake dhidi ya kunyoosha unyayo kwa nguvu. Kosa lake lilikuwa mahali alipoweka kidole gumba. Alikandamiza upande wa nje wa unyayo, karibu na kiungo cha mbele ya kisigino, na hivyo akakizuia kisigino kugeuka kutoka chini ya mfupa wa talasi, ule unaopokea uzito wa mguu. Tiba ikawa ya miezi mingi, na wengi waliomwiga hawakupata matokeo aliyoyapata yeye. Kushindwa huko kuliwapa wapasuaji hoja. Kuanzia mwaka 1971, Vincent Turco alipochapisha mbinu yake ya kufungua tishu za nyuma na za ndani ya unyayo kwa mara moja, upasuaji mkubwa ulienea kwa kasi.

Wakati huo jibu lilikuwa limekwishachapishwa. Ignacio Ponseti alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania, akasomea udaktari Barcelona na kuwatibu majeruhi wa jeshi la Jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jamhuri iliposhindwa mwaka 1939 alivuka mpaka kuingia Ufaransa, kisha akaenda Meksiko alikofanya kazi ya udaktari kijijini. Mwaka 1941 alifika Chuo Kikuu cha Iowa. Alipowachunguza huko wagonjwa waliokuwa wamepasuliwa utotoni aliona nyayo ngumu, dhaifu na zenye maumivu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akaanza njia yake.

Njia hiyo ilitegemea kuelewa kwamba mifupa ya unyayo husogea kwa pamoja. Kidole gumba kiliwekwa juu ya kichwa cha talasi, na unyayo wote ukageuzwa taratibu kuelekea nje kukizunguka. Plasta ilibadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba, ikianzia vidoleni hadi juu ya goti. Kisigino kilishughulikiwa mwisho, mara nyingi kwa kuikata kano yake kupitia tundu dogo la ngozi. Baada ya plasta ya mwisho mtoto alivalishwa viatu vilivyounganishwa kwa upau. Katika utaratibu uliokuja kuzoeleka, huvivaa karibu saa zote kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa kulala mchana hadi afikishe takriban miaka minne.

Mwaka 1963 Ponseti na Eugene Smoley walichapisha matokeo ya wagonjwa 67 wenye nyayo 94. Nyayo zilinyooka, lakini zaidi ya nusu zilirudi kupinda na kuhitaji kutibiwa tena. Msomaji wa wakati ule aliyeona takwimu ya kurudia bila kuuliza sababu yake alikuwa na haki ya kusita. Hata hivyo kusita kwa miaka zaidi ya 30 hakuelezeki kwa takwimu hiyo pekee. Heshima ya fani ya mifupa ilijengwa katika chumba cha upasuaji, na mbinu iliyotegemea vidole na subira haikuwa na cha kumwongezea mpasuaji jina.

Kilichogeuza mambo ni swali jipya. Mwaka 1995 Douglas Cooper na Frederick Dietz waliwafuatilia wagonjwa 45 wa Iowa, wenye nyayo 71, ambao sasa walikuwa watu wazima wa wastani wa miaka 34. Badala ya kuiachia picha ya eksirei uamuzi, walipima maumivu na uwezo wa kufanya shughuli za kila siku, wakawalinganisha na watu wasio na kilema cha miguu. Matokeo yalikuwa mazuri au mazuri sana kwa asilimia 78 ya wagonjwa, na kwa asilimia 85 ya wale wengine. Mizani hiyo hiyo ilipowekwa upande wa pili, katika utafiti wa mwaka 2006 uliofuatilia nyayo 73 zilizofanyiwa upasuaji mkubwa, ilionekana kwamba wengi wa waliopasuliwa walikuwa na nyayo ngumu na viungo vilivyochakaa.

Hapo ndipo tatizo la viatu lilipojitokeza waziwazi. Mwaka 2004 Matthew Dobbs na wenzake walitafuta sababu za kilema kurudi kwa watoto 51 nchini Marekani. Ukali wa kilema mwanzoni haukuwa sababu. Sababu ilikuwa kuacha viatu, na kiwango cha elimu ya wazazi kilihusiana pia na kurudia huko. Jambo hilo liliingia katika maandishi ya kitabibu kwa jina la kutofuata maelekezo. Jina hilo lina hukumu ndani yake. Linachukulia kwamba maelekezo yalitekelezeka, na kwamba aliyeshindwa ni yule aliyepewa.

Afrika Mashariki na jirani zake zilileta ushahidi ambao Iowa isingeweza kuutoa. Malawi ilionyesha mwaka 2005 kwamba matabibu wa mifupa wasio madaktari waliweza kunyoosha nyayo 98 kati ya 100 kwa njia hii. Nchini Uganda, ambako madaktari bingwa wa mifupa walikuwa wachache mno kulinganisha na watoto waliozaliwa na kilema, Shafique Pirani, mzaliwa wa nchi hiyo aliyefanya kazi Kanada, alishirikiana na madaktari wa Uganda kuwafundisha wahudumu wa hospitali za umma. Alama zake sita za kupima ukali wa kilema, kila moja ikihesabiwa 0, 0.5 au 1, zilimwezesha tabibu wa wilayani kufuatilia maendeleo ya unyayo kwa macho na vidole tu. Michiel Steenbeek alibuni viatu vya upau vilivyotengenezeka katika karakana za nchini kwa ngozi na chuma cha kawaida. Suala la bei na upatikanaji wa kifaa, ambalo lingeweza kuikwamisha tiba yote, lilishughulikiwa hivyo na fundi.

Lakini kifaa kupatikana hakukumaanisha kwamba kitavaliwa kwa miaka minne. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikwenda kuwasikiliza wazazi, wahudumu na wanajamii wa Uganda kuhusu vikwazo vya kuendelea na tiba. Yaliyotajwa ni umaskini, umbali wa kliniki, ukosefu wa msaada wa baba, na mlezi kuelemewa na majukumu mengine. Kila plasta ya wiki ilikuwa nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima iliyotolewa katika shamba au biashara; na watoto wengine walibaki nyumbani wakihitaji wa kuwaangalia. Katika rejesta ya kliniki, mama aliyekosa nauli na mama aliyepuuza waliandikwa kwa neno moja.